Ni Nani Atuchaguliaye Wimbo?

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba redio ni moja na masikio ni mengi. Jioni, kahawa ikiisha kuanuliwa uani na ndizi zikiwa motoni, bibi huketi karibu na mlango, mama yu jikoni, vijana wako barazani, na redio iko katikati yao wote. Wimbo wapigwa. Lafuata tangazo la sabuni, kisha wimbo mwingine, na kabla ndizi hazijaiva ule wa kwanza warudi tena. Bibi auliza kama watu wa redio hawana nyimbo nyingine. Mjukuu amjibu ya kuwa huo ndio unaopendwa. "Unapendwa na nani?" auliza bibi, wala hapati jibu.

Wapo watakaotuambia ya kuwa gazeti lina mambo mazito zaidi ya kuandika: bei ya kahawa, mnyauko wa migomba, karo za shule. Hatubishi. Lakini mambo hayo huzungumzwa redioni kwa muda mfupi, na saa nyingi zilizobaki ni za muziki. Mtoto aliyelelewa karibu na redio hujifunza katika nyimbo hizo namna ya kusema na mpenzi, namna ya kutaja fedha na namna ya kumcheka mzee, kabla hajajua kusoma. Mwenye kuzichagua nyimbo, awe amekusudia au hakukusudia, ameingia nyumbani mwetu na kuketi. Yatupasa basi kuuliza achagua kwa kipimo gani, na kipimo hicho kikikosea ni nani wa kujibu.

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, sauti yake haikufika mbali na mji wenyewe. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka karibu thelathini iliyofuata aliyechagua wimbo alikuwa mtumishi wa serikali. Bendi zilikwenda studioni kwake, maneno ya nyimbo yakapitiwa kwanza, na wimbo usiofaa machoni pa wapitiaji haukurekodiwa. Wasikilizaji walipeleka kadi za posta kuomba wimbo na kutuma salamu kwa ndugu. Wengine walituma nyingi hata majina yao yakajulikana nchi nzima ingawa sura zao hazikujulikana hata wilaya ya pili.

Hatutaki kuisifu zama ile kupita kiasi, kama wazee wafanyavyo wakikumbuka ujana wao. Mpitiaji wa nyimbo aliweza kukosea, tena pasipo mtu wa kumkosoa. Hata hivi alikuwa na jambo moja ambalo leo ni adimu: wimbo mbaya ulipopigwa, palikuwa na ofisi iliyojulikana ambayo mtu angeweza kuilaumu.

Sheria ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali. Mwaka 1994 Dar es Salaam ikapata Radio One, na Jimbo Kuu likaanzisha Redio Tumaini. Baadaye milango ikafunguka mikoani. Kagera nayo imepata vituo vyake: Radio Kwizera kule Ngara, FADECO kule Karagwe, na katika mji wa Bukoba vituo kama Kasibante na Radio Mbiu ya jimbo letu la huku. Watu wa mpakani, Missenyi hata Bukoba, husikia pia vituo vya Uganda, maana mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Basi msikilizaji ambaye zamani alikuwa na sauti moja sasa ana nyingi, na akichoka hugeuza kitufe. Vituo vingi huishi kwa matangazo ya biashara. Mfanyabiashara hataki kulipia tangazo lisilosikiwa, naye huuliza swali la haki kabisa: "Mna wasikilizaji wangapi?" Hapo ndipo ulipozaliwa utafiti wa wasikilizaji.

Mambo haya yalianza mbali. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha idara ya kuwachunguza wasikilizaji wake mwaka 1936, baada ya miaka mingi ya kuamini ya kuwa wakuu wake wanajua vema zaidi yawapasayo watu kusikia. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwenye kituo mmoja wa Omaha, Todd Storz, aliona ya kuwa watu katika mikahawa hutia sarafu katika mashine ya santuri ili kusikia wimbo ule ule tena na tena. Husimuliwa hata kwamba mtumishi wa mkahawa, aliyekuwa ameusikia wimbo huo mchana kutwa, alipofunga kazi alitoa sarafu yake mwenyewe akaupiga mara nyingine. Storz akafupisha orodha ya nyimbo za kituo chake na kuzirudia zile chache zipendwazo, na wasikilizaji wakaongezeka. Baadaye ilikuja desturi ya kuwapigia watu simu na kuwasikilizisha kipande cha wimbo, sekunde saba au kumi tu, ili waseme wanaupenda, hawaupendi, au wameuchoka. Majibu yakatiwa katika kompyuta, nayo kompyuta ikapanga wimbo gani upigwe saa gani, na urudi baada ya muda gani.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki makampuni ya utafiti yamezoea kwenda nyumba kwa nyumba na maswali, na katika miaka ya karibuni kuuliza kwa ujumbe mfupi wa simu. Kituo kidogo cha mkoani mara nyingi hakina fedha za kununua taarifa kama hizo. Kwacho utafiti ni simu zinazopigwa studioni, ujumbe unaotumwa, na yale mtangazaji ayasikiayo akipita stendi au sokoni. Nacho hutazama nyimbo zinazopigwa na vituo vikubwa vya Dar es Salaam, na kuzipiga hizo hizo. Hivyo hesabu iliyofanywa mbali huja kuwachagulia wimbo watu wa Kamachumu ambao hakuna aliyewauliza neno.

Kuhesabu si dhambi. Mkulima huhesabu miche yake na mchungaji kondoo wake. Tunalouliza ni nani ahesabiwaye na ni nini aulizwacho.

Wilaya ya Muleba ina visiwa vyake ziwani: Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, Mazinga. Wavuvi wa dagaa huwasha taa zao usiku usio na mwezi, na mchana, mtafiti apigapo simu, wao wamelala au wanaanika dagaa jua lisiwapite. Kisiwani simu haipatikani daima, na penye mtandao chaji ya betri ni ya kununua. Vivyo hivyo katika nyumba nyingi za bara simu ni ya baba au ya kijana. Bibi hana yake, na mama anayo lakini mikono yake i kwenye unga. Ujumbe ufikao studioni, kwa sehemu kubwa, hutoka kwa mwenye simu, mwenye salio, mwenye muda na mwenye kupenda kusikia jina lake likitajwa. Hatumlaumu huyo; naye ni msikilizaji. Ila mtangazaji asemapo "watu wengi wameuomba wimbo huu", yafaa ajue ya kuwa amewahesabu waliopiga hodi, wala hajawahesabu waliomo nyumbani. Wakazi wa Kagera walikuwa 2,989,299 katika sensa ya mwaka 2022. Ujumbe mia moja wa asubuhi ni kijiko cha maji kilichotekwa ziwani.

Tena, mtu akiulizwa apenda nini, aweza kutaja tu kile alichokwisha kukionja. Twatoa mfano wa nyumbani. Laiti mwaka 2000 mtafiti angalipita Dar es Salaam, Dodoma na Mtwara, akauliza kama wasikilizaji wataka wimbo wa Kihaya, wa ngoma, ulioimbwa na binti asiyejulikana kutoka Bukoba, twadhani jibu lingalikuwa cheko. Mwaka 2001 ikatoka kanda ya Saida Karoli, "Maria Salome", na nchi nzima ikacheza. Walicheza wasiojua neno moja la Kihaya. Walicheza harusini huko ambako Kagera ni jina la ramani tu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akautwaa wimbo huo na kuufanyia upya kwa jina la "Salome", akajifunza kuupenda kijana aliyekuwa mtoto mchanga kanda ile ilipotoka. Hakuna hesabu ambayo ingalitabiri hayo. Palihitajika mtu fulani, katika kituo fulani, aliyeusikia wimbo, akajisemea "huu ni mzuri", akaupiga kabla hajaombwa, akiwa tayari kuaibika kama watu wangeukataa.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya lugha. Watangazaji wa Tanzania husema Kiswahili, na pengine Kiingereza; umoja wa taifa umepata faida kubwa kwa desturi hiyo, wala hatutaki ivunjwe. Lakini kwa hiyo wimbo umebaki karibu kuwa mlango pekee ambao Kihaya, Kinyambo au Kihangaza huweza kupita ili kifike redioni. Mwenye kuchagua wimbo akiufunga mlango huo kwa sababu hesabu ya Dar es Salaam haina wahesabiwa wa Nshamba, bibi husikia lugha zote isipokuwa ile aliyobembelezewa nayo.

Wahaya wana kinanda kiitwacho enanga, ubao uliochongwa kama hori na kuwambwa nyuzi, ambacho mwimbaji hukipiga akiimba masimulizi marefu ya mashujaa kama Rukiza. Profesa Mulokozi, mzaliwa wa mkoa huu, aliyachunguza masimulizi hayo kwa utaalamu mkubwa. Sisi twataka kusema jambo dogo tu juu ya mwimbaji wa enanga. Naye alikuwa na utafiti wake. Aliketi mbele ya watu, akaziona nyuso zao. Waliitikia, walicheka, walinyamaza, na mzee aliyeona kisa kimepotoshwa aliweza kusema papo hapo. Mwimbaji aliweza kurefusha penye kupendeza na kufupisha penye kuchosha. Lakini hakuacha kifo cha shujaa kwa kuwa watoto walitaka harusi tu. Aliwatii wasikilizaji katika namna ya kuimba, na kisa kilibaki chini ya ulinzi wake. Mtangazaji wa leo haoni uso wa mtu, ameketi katika chumba kilichozibwa madirisha, na karatasi ya hesabu imewekwa mahali pa nyuso hizo.

Yafaa tuseme pia dhidi yetu wenyewe. Sisi tulio upande wa dini na elimu twapenda sana kudhani ya kuwa tukishachagua kilicho kizuri, kazi imekwisha. Vipo vipindi vya kwaya, hata katika vituo vyetu, ambavyo hurudia kanda zile zile, zilizorekodiwa vibaya, na msikilizaji akigeuza kitufe twamwita mvivu wa sala. Huo si uchungaji. Mwezi Machi 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa robo tatu ya muziki wake iwe ya Kenya. Nia ilikuwa njema, agizo halikudumu. Papa Pius XII, katika barua yake ya mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni, aliwataka wasikilizaji wachague kwa uangalifu na tena wawajulishe wenye vituo matakwa yao na lawama zao za haki. Basi hata Kanisa halikumwambia msikilizaji anyamaze na kupokea. Dharau kwa msikilizaji ni kosa, hata ikivaa kanzu.

Lakini kuna kosa jingine, nasi watu wa Kagera twalijua kuliko wengi, kwa kuwa tuliliona likivuka daraja. Mwezi Julai 1993 kilianza kule Rwanda kituo kilichoitwa RTLM. Redio ya serikali ilikuwa na sauti kavu ya ofisi. Hiki kipya kilikuwa na mizaha, watangazaji waliozungumza kama watu wa mtaani, simu za wasikilizaji, na muziki wa Kikongo uliochezwa kila baa. Vijana walikipenda. Lau mtafiti angalipita Kigali mwishoni mwa mwaka ule na karatasi yake, twaamini kituo hicho kingalipata alama nzuri sana, na mfanyabiashara angalifurahi. Muziki ndio uliowakusanya watu karibu na redio, na watu wakiisha kukusanyika wakaambiwa ya kuwa jirani yao ni mende. Mwezi Aprili 1994 mauaji yakaanza. Tarehe 28 na 29 za mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani wawili wa waasisi wa kituo kile.

Asidhani msomaji ya kuwa twalinganisha mtangazaji wa Bukoba arudiaye wimbo wa mapenzi na watu wale. Hasha. Twasema hivi: hesabu ya wasikilizaji ingalikuwa ya kweli, wala isingalituambia lolote juu ya kile tulichohitaji kujua. Kupendwa kulikuwa kweli, muziki ulikuwa mzuri kweli, na idadi ilikuwa kubwa kweli. Mwaka 1995 shirika la Wayesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera kule Ngara, kwa ajili ya watu wale wale na masikio yale yale, na neno kwizera maana yake ni kutumaini. Nayo ilipiga muziki. Kitufe cha redio hakikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye kuchagua, na yale aliyokusudia.

Twaona, basi, ya kuwa hesabu ni shahidi, na shahidi yafaa asikilizwe, lakini shahidi haketi katika kiti cha hakimu. Mkuu wa vipindi asemapo "si mimi, ni wasikilizaji waliotaka", amejivua jambo ambalo hakuna awezaye kumvua. Mama apikaye huwajua watoto wapenda sukari. Huwapa kwa kiasi, na hawapigii kura maharage. Twajua mfano huu una kilema, kwa maana wasikilizaji si watoto, wala mtangazaji si mama yao. Ila hata mwenye hoteli ya Bukoba, anayewapikia watu wazima walipao fedha zao, hawezi kusema mahakamani ya kuwa chakula kilichoharibika kiliagizwa na wengi.

Kuna tena jambo la fedha ipitayo chini ya meza. Huko Marekani mwaka 1959 na 1960 wabunge walichunguza habari za watangazaji waliopokea fedha za siri ili wapige santuri za makampuni fulani. Mtangazaji mashuhuri Alan Freed alipoteza kazi, na sheria ikatungwa. Kwetu malalamiko ya namna hiyo hunong'onwa na wanamuziki wachanga, nasi hatutamtaja mtu kwa mnong'ono. Lakini tazameni jinsi mambo mawili yanavyosaidiana. Wimbo ulionunuliwa hupigwa mara kumi kwa siku, watu huuzoea, mtafiti huja akawauliza wajua wimbo gani, nao hutaja huo, na karatasi husema ya kuwa wimbo wapendwa. Rushwa imekwisha kuoshwa, imetoka safi kama takwimu. Kijana wa Rubya aliyetunga wimbo mzuri zaidi, asiye na fedha ya kutoa, hataonekana katika karatasi hiyo kamwe, na hakuna atakayesema uongo.

Siku moja tu kila kituo husahau hesabu, nayo ni siku ya msiba. Alipofariki Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999, redio ziligeuka kuwa za maombolezo, wala hakuna aliyepita mitaani kuuliza asilimia ngapi wapenda nyimbo za huzuni. Wachaguzi walijua lipasalo, wakalifanya kwa saa ile ile. Basi ujuzi huo wanao. Twauliza kwa nini wauweke kabatini pamoja na bendera nyeusi mpaka msiba mwingine.

Hatuombi kamati mpya wala agizo jipya la serikali. Maagizo yapo ya kutosha. Twaomba jambo linaloweza kuanza mwezi ujao. Kila kituo cha Bukoba na Muleba kimpe mtangazaji wake mmoja juma moja katika mwaka, aende mahali ambako simu hazipigwi: Bumbire wakati wa kuvua, kijiji cha ndani cha Ihangiro wakati wa kuchuma kahawa, wodi ya wagonjwa. Asibebe vipande vya sekunde saba. Auchezeshe wimbo mzima, atazame nyuso, na kila aketipo na watu aulize ni wimbo gani wameukosa kwa miaka mingi, na ni upi hupunguziwa sauti watoto wakiwapo. Aandike majibu katika daftari pamoja na umri wa mtu na kazi yake, na daftari hilo liwekwe juu ya meza ya kuchagulia nyimbo, kando ya kompyuta. Gharama yake ni nauli ya mtumbwi, daftari, na posho ya siku saba.